Simu zilizokufa bila kukatwa: kisa cha getikipa iliyokataa kupitisha video

Malalamiko yalikuwa mafupi: video inagoma. Kila Jumatatu saa nne asubuhi taasisi hii isiyo ya kiserikali hufanya kikao cha menejimenti. Ukumbi uko makao makuu Dar es Salaam, na matawi ya Mwanza, Mbeya na Arusha huingia kwa mitambo ya video iliyofungwa kwenye vyumba vyao vya mikutano. Kuna Jumatatu wote watatu wanaingia. Kuna Jumatatu wawili wanaingia na wa tatu anaambiwa na skrini kwamba simu imekataliwa. Na kuna siku, kama hii ninayoisimulia, aliyewahi kupiga ndiye anayeingia peke yake, wengine wakabaki nje wanapiga na kupiga.

Kilichochanganya watu ni kwamba tawi linalokataliwa halikuwa moja. Wiki hii Mbeya, wiki ijayo Arusha. Ping, lile jaribio la kuona kama mtandao unafika, ilikwenda na kurudi bila kupoteza pakiti hata moja, barua pepe zilipita, na simu ya sauti tupu kwa namba ileile ya ukumbi mara nyingine iliita vizuri kabisa. Fundi wa zamu alikuwa na dawa yake: anaizima programu ya getikipa, ile inayotoa ruhusa ya kila simu ya video, anaiwasha, video zinarudi, kikao kinaendelea. Baada ya wiki kadhaa ugonjwa unarudi.

Katika hali kama hii lawama hutua kwa mtoa huduma wa intaneti kabla hata mtu hajafungua logi, kumbukumbu za matukio ya seva. Barua mbili zilikuwa zimeshaandikwa. Mtoa huduma akajibu kwa grafu za laini zote nne, na grafu zilimtetea: saa ya kikao laini ya Dar es Salaam haikufika hata nusu ya uwezo wake.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini wasihamie Zoom. Jibu lao lilikuwa kwamba mitambo imeshanunuliwa na inafanya kazi, matawi yote yameunganishwa kwa laini za kukodi zisizopita kwenye intaneti ya umma, na baadhi ya mambo yanayosemwa kwenye kikao hicho hawataki yapite kwenye seva za mtu mwingine. Sikuona sababu ya kubishana nao.

Mitambo hiyo inafuata H.323, kiwango cha ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kilichoidhinishwa mwaka 1996. Ni mzee, lakini vyumba vingi vya mikutano bado vinamtegemea. Katika mfumo huo getikipa ndiyo inayojua nani yuko wapi na ndiyo inayotoa ruhusa. Mtambo ukiwaka, unajisajili kwake kwa ujumbe wa RRQ kupitia poti ya UDP 1719, nayo inajibu RCF. Mtu akipiga namba, mtambo wake hautafuti njia wenyewe. Unatuma ARQ kuomba ruhusa, ukitaja namba inayopigwa na bendiwidi unayotaka, yaani upana wa njia. Getikipa ikikubali inajibu ACF yenye anwani ya IP ya anayepigiwa, ikikataa inajibu ARJ yenye sababu. Baada ya hapo mitambo miwili inaunganishwa kwa TCP 1720, inakubaliana namna ya kubana picha na sauti, na video inaanza kutiririka kwa RTP. Simu ikiisha, kila upande unatuma DRQ: nimemaliza, rudisha nilichochukua.

Picha na sauti hazipiti kwenye getikipa. Katika mpangilio wa moja kwa moja, ambao ndio uliokuwa unatumika hapa, hata ishara za kupiga na kukata hazipiti kwake. Kila inachokijua kuhusu simu inayoendelea ni kile ilichoambiwa. Ni kama mwenye duka na daftari la madeni: anaandika anayekopa, anafuta anayelipa, na asiyerudi kulipa jina lake linabaki pale pale hata kama ameshahama mtaa.

Programu iliyotumika ni GnuGk, ya chanzo huria, kwenye seva ya Linux. Faili lake la mipangilio, lililoachwa na mkandarasi wa awali, lilikuwa fupi:

[Gatekeeper::Main]
Name=MAKAOMAKUU
TimeToLive=600
TotalBandwidth=40000

[RoutedMode]
GKRouted=0

Ile 40000, kapu la bendiwidi yote ambayo getikipa inaruhusiwa kugawa, inahitaji kusomwa taratibu, maana wengi hujikwaa hapo. Kipimo cha bendiwidi katika ujumbe wa H.323 ni biti 100 kwa sekunde, kwa hiyo 40000 ni megabiti 4 kwa sekunde. Pili, simu huhesabiwa pande zote mbili kwa pamoja, ya kwenda na ya kurudi. Simu ya video ya kilobiti 384 inaombwa kama kilobiti 768, yaani 7680 kwa kipimo chake. Tatu, hesabu hiyo ni ya sauti na picha tupu, vichwa vya pakiti havimo. Kwa hiyo kapu la 40000 linabeba simu tano za video, ambazo ni 38400, na kubakiza 1600. Simu ya sauti ya G.711, namna ya kawaida ya kusimba sauti ya simu, ni kilobiti 64 kila upande, yaani 1280. Kapu likiwa na simu tano za video, simu moja ya sauti inapenya na ya pili inakataliwa.

Hapo kitendawili cha simu za sauti kikawa kimeteguka kwenye karatasi. Sauti haikuwa ikipita kwa bahati, ilikuwa ikipita kwenye upenyo uliobaki. Swali likawa nani amejaza kapu, ilhali kikao kina simu tatu tu za video.

Logi ilithibitisha kukataliwa: ARJ zenye sababu requestDenied, ambayo ndiyo kauli ya kiwango hicho kwamba bendiwidi haipo. Kisha ikafunguliwa poti ya hali ya getikipa, 7000, kwa telnet, na kuamriwa PrintCurrentCalls. Ukumbini kulikuwa na simu moja, ya Mwanza, waliowahi. Jedwali likaonyesha simu tano.

Tatu kati ya hizo zilikuwa na umri uliolingana kwa tofauti ya sekunde chache tu: sekunde 1,213,000 na ushee. Gawanya kwa 86,400 upate siku 14 na karibu saa moja. Ilikuwa saa tano asubuhi Jumatatu. Maana yake simu hizo zilianza Jumatatu ya wiki mbili nyuma, saa nne na dakika kidogo, na kwa mujibu wa getikipa Mwanza, Mbeya na Arusha hawajawahi kushuka kwenye kikao kile. Ya nne, ya Arusha, ilikuwa na umri wa siku nne: Alhamisi mchana.

Simu nne zilizokufa ni 30720. Kinachobaki kwenye kapu ni 9280. Simu moja ya video inaingia, inabakisha 1600, na mlango unafungwa. Wiki iliyotangulia, zikiwa tatu tu zilizokufa, zilibaki 16960: wawili wanaingia, wa tatu anagonga. Malalamiko yote ya matawi yaliingia kwenye hesabu hiyo bila kusukumwa.

Kwa nini hazikukatwa? Hapo logi haikutosha, ikabidi kushuka chini kwenye kibanda cha jenereta.

"Shikamoo mzee. Naomba kuangalia daftari lako la jenereta."

"Marahaba. Lipo hapo. Mnataka kunipunguzia mafuta?"

"Hapana mzee, natafuta saa tu."

Daftari lilikuwa safi kuliko nyaraka nyingi za idara ya TEHAMA. Jumatatu ile: umeme umekatika 4:35, jenereta imewaka 4:41. Alhamisi: umekatika mchana, imewaka baada ya dakika kadhaa. Siku zote mbili ziligusa simu zilizokuwa hewani.

Sasa fuata nyaya. Chumba cha seva kina UPS nzuri, betri ya akiba, kwa hiyo getikipa haikuyumba hata kidogo. Mtambo wa ukumbini umechomekwa kwenye soketi ya kawaida ukutani, ukazimika papo hapo bila kuaga, na mtambo uliozimika hautumi DRQ. Matawini, mitambo iliona picha imeganda, ikakata, na ikatuma DRQ zao kama inavyotakiwa. Lakini kile kiboksi cha mtoa huduma kinachopokea faiba na kutoa waya wa mtandao kimefungwa kwenye korido, nacho kimechomekwa kwenye soketi ya kawaida. Kwa dakika sita Dar es Salaam haikuwa na laini. Ujumbe wa RAS, yaani hizi RRQ, ARQ na DRQ, husafiri kwa UDP, ambayo haihakikishi kufika: mtumaji hurudia mara chache asipojibiwa, kisha huacha. DRQ za matawi matatu zikaishia njiani. Jenereta ilipowaka kila kitu kikarudi, isipokuwa habari kwamba simu zile zimekwisha.

UPS ndiyo iliyokamilisha kisa. Kama seva nayo ingezimika, jedwali lingefutika na tatizo lisingekuwepo. Ndiyo maana kuizima na kuiwasha kulionekana kama tiba.

Watu wa mtandao wakisikia haya huuliza kuhusu TimeToLive, maana 600 ni dakika kumi tu. Mpangilio huo unahusu usajili wa mtambo, siyo simu. Muda ukiisha bila mtambo kujihuisha, getikipa huuliza kwa IRQ kama bado upo, na usipojibu hufutwa kwa URQ. Mitambo yetu ilikuwa imewaka ndani ya muda huo na kujisajili upya kwa anwani zilezile na namba zilezile. Kwa macho ya getikipa wote walikuwepo, wazima. Na usidhani kuipunguza mpaka sekunde 20 kungesaidia: GnuGk huirudisha kwenye 60 kila unapoandika pungufu ya hapo.

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kuongeza TotalBandwidth iwe 80000. Nililipinga, na bado ningelipinga. Lingenunua muda mpaka umeme ukatike mara mbili zaidi. Tena nambari yenyewe, ukiipima dhidi ya laini, haikuwa mbaya. Laini ya Dar es Salaam ni megabiti 4 kila upande. Video ya kilobiti 384 ukiiongezea vichwa vya pakiti, kwa desturi unahesabu asilimia 20 juu, inakuwa takriban kilobiti 460. Tano ni megabiti 2.3. Barua pepe na mfumo wa fedha vinabaki na nafasi ya kupumua. Nadhani mkandarasi aliandika 40000 akidhani anatoa laini nzima, akasahau kwamba hesabu ni ya pande mbili, na kosa lake likaangukia mahali pazuri.

Tiba ya kweli ni getikipa iwe na namna ya kugundua simu iliyokufa. GnuGk ina njia mbili za kufanya hivyo.

Ya kwanza iko kwenye sehemu ya CallTable. IRRFrequency huwekwa ndani ya ACF na kuuambia mtambo: kila baada ya sekunde hizi, niletee taarifa kwamba simu bado ipo. IRRCheck ikiwashwa, simu ambayo upande wake mmoja umekaa kimya kwa mara mbili ya muda huo inakatwa. Ikawekwa 60 na kuwashwa. Jaribio la Mwanza na Arusha lilikwenda vizuri. Jaribio la Mbeya lilikatika dakika mbili na kidogo baada ya kuanza, na likirudiwa linakatika palepale. Mtambo wa Mbeya ndio wa zamani kuliko yote, na programu yake ya ndani haitumi taarifa hiyo, IRR, hata ikiombwa. Kwa getikipa iliyowashiwa IRRCheck, mtambo wa namna hiyo ni maiti tangu dakika ya pili. Njia hii ikaachwa. Ambaye mitambo yake yote ni ya kisasa aitumie, ila apige simu ya majaribio ya dakika tano kwa kila mtambo kabla ya kuondoka kazini.

Ya pili ni kuhamia mpangilio wa kupitisha ishara kwenye getikipa:

[RoutedMode]
GKRouted=1
H245Routed=0
TcpKeepAlive=1

Sasa muunganisho wa TCP 1720 wa kila mtambo unaishia kwenye getikipa yenyewe, siyo kwa mtambo mwenzake. Muunganisho ukivunjika, getikipa inajua bila kuambiwa na mtu, inafunga simu na kurudisha bendiwidi kwenye kapu. Tatizo ni kwamba TCP hainung'uniki mtu wa upande wa pili akitoweka kimya kimya, hukaa ikisubiri. TcpKeepAlive ni ya kuupiga upande wa pili begani mara kwa mara, lakini ratiba ya kupiga bega haimo kwenye GnuGk. Imo kwenye Linux, na kwa chaguo-msingi Linux husubiri sekunde 7,200 kabla ya kuanza kuuliza. Ni saa mbili nzima, na kikao kinakuwa kimeshakwisha. Kwa hiyo ikaongezwa mistari hii kwenye sysctl, mipangilio ya kiini cha Linux:

net.ipv4.tcp_keepalive_time = 120
net.ipv4.tcp_keepalive_intvl = 15
net.ipv4.tcp_keepalive_probes = 4

Ukimya wa dakika mbili, kisha maswali manne ya sekunde 15, jumla dakika tatu. Mtambo ukiwahi kuwaka kabla ya hapo, swali la kwanza litaukuta haukumbuki muunganisho wowote, utajibu kwa kuukataa, na simu itafungwa mara moja.

Kuna mtu angeshawishika kuwasha na proksi hapohapo, ili hata video ipite kwenye getikipa. Kwa mtandao huu lingekuwa kosa. Mwanza akiongea na Mbeya, picha zingeingia Dar es Salaam na kutoka tena, zikila laini ya makao makuu kwa mazungumzo yasiyowahusu. Proksi ina kazi yake pale palipo na NAT (anwani za ndani zilizofichwa nyuma ya anwani moja ya nje) au anwani zisizoonana. Hapa matawi yote yanaonana. Kilichobadilika ni fayawoli tu: ilikuwa inaruhusu TCP 1720 kati ya mitambo, ikabidi iruhusu kuelekea seva ya getikipa. Hilo lilisahaulika kwa tawi moja, na simu zake zikawa zinapata ACF halafu hazisongi mbele. Dalili hiyo ni nzuri kuikumbuka: ruhusa imetoka, muunganisho haupo, tazama 1720.

Na kwa kuwa 1720 ya getikipa sasa ina kazi, AcceptUnregisteredCalls, inayoruhusu simu za mitambo isiyosajiliwa, ikaachwa 0. Palipo na getiwei ya kutoka kwenda simu za kawaida, mlango huo ukiachwa wazi kuelekea intaneti, bili ya mwezi ndiyo itakayokuambia.

Nambari ya TotalBandwidth ilibaki vilevile, lakini iliacha kasoro ambayo simu zilizokufa zilikuwa zimeifunika. Kapu ni moja kwa eneo zima. Halijui kwamba laini ya Arusha ni megabiti 1 tu. Simu mbili za video zinakaribia kuijaza, na ya tatu ingeruhusiwa bila swali, kisha zote tatu zingekatika-katika. Wakati huohuo, chumba cha ghorofa ya pili Dar es Salaam kikipigia ukumbi wa chini, simu ambayo haigusi laini yoyote ya nje inakula 7680 kutoka kwenye kapu lilelile.

Kwenye getikipa za Cisco IOS ungegawa kanda na kuweka kikomo kati ya kanda kwa amri ya bandwidth interzone. Hapa ilionekana rahisi zaidi kuipa Arusha getikipa yake ndogo, kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa imekaa bure, yenye TotalBandwidth=8960: video moja na sauti moja. Namba za taasisi zilikuwa tayari zinafuata misimbo ya simu za mezani, 22 Dar es Salaam, 25 Mbeya, 27 Arusha, 28 Mwanza, kwa hiyo ujirani uliandikwa kwa mistari michache upande wa makao makuu:

[RasSrv::Neighbors]
ARUSHA=GnuGk

[Neighbor::ARUSHA]
GatekeeperIdentifier=ARUSHA
Host=10.27.0.5:1719
SendPrefixes=27
AcceptPrefixes=*

Namba ikianza na 27 na haipo kwenye usajili wa Dar es Salaam, getikipa inauliza jirani kwa LRQ. Angalia hilo la "haipo kwenye usajili": wa ndani hutazamwa kabla ya jirani. Simu moja ya mapokezi Dar es Salaam ilikuwa imepewa 2701 zamani, na mtambo wa Arusha ukajisajili kwa 2701 kwenye getikipa yake mpya. Mtu wa Dar es Salaam akimpigia mkurugenzi wa Arusha, anapokea dada wa mapokezi. Simu ya mapokezi ikabadilishwa kuwa 2240.

Kile kiboksi cha korido kilihamishiwa kwenye UPS ya chumba cha seva kwa waya wa kurefusha na soketi moja. Kilikuwa ndicho kipande cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na kama kingefanyika peke yake DRQ za matawi zingefika. Sikutaka kitangulie mipangilio, kwa sababu siku betri ya UPS itakapochoka tungerudi tulikoanzia bila kujua kwa nini. Mtambo wa ukumbini bado uko kwenye soketi ya ukutani, kwani pamoja na skrini zake unakula umeme mwingi kuliko UPS iliyopo inavyoweza kubeba. Umeme ukikatika kikao kinakatika, jenereta inawaka, na matawi yanapiga upya. Mtambo wa Mbeya umeombewa programu mpya ya ndani. Ikipatikana, IRRCheck itajaribiwa tena, maana ndiyo pekee inayouliza mitambo yenyewe kama simu ipo, badala ya kuuliza nyaya.